Motokaa Iliyoongezwa Nguvu Yataka Plagi Gani?

Juma hili nimepokea barua ya mzee mmoja wa hapa Goma, nami naona afadhali nimjibu mbele ya wote kuliko kumwandikia peke yake, maana jambo linalomsumbua lasumbua nyumba nyingi. Mwanawe wa pili ana motokaa ndogo ya Toyota, aina ya Starlet, nayo ndiyo inayolisha nyumba. Asubuhi hupeleka wafanya biashara na mizigo yao sokoni, jioni huitwa kwa arusi na kwa wagonjwa. Injini ya kwanza ilipochoka, kijana alikwenda kwa muuzaji wa injini zilizokwisha tumika huko Japani, asipate iliyofanana na ile yake. Akapewa nyingine yenye turbo, iliyofanyizwa kwa ajili ya Starlet za mbio. Ikaingia mahali pake bila shida, kama mguu katika kiatu chake. Rafiki yake akaongeza mkazo wa turbo kidogo, ili motokaa ipande milima bila kuhema. Baada ya majuma sita pistoni ya tatu ilitoboka tundu la kupitisha kidole.

Fedha iliyopotea ilikuwa ya viazi vya mama yake, vilivyolimwa Kibumba. Sasa injini ya pili ya turbo imenunuliwa kwa zamu ya baba katika likelemba, na kabla haijawashwa mzee auliza: plagi gani, na waya gani? Fundi wa kwanza aliyeulizwa alisema zitiwe plagi za moto sana, kwa kuwa injini yenye nguvu yataka moto mwingi. Fundi wa pili alisema zinunuliwe plagi za iridi, ghali kupita zote, pamoja na waya nene nyekundu. Mzee hajui amsikilize yupi. Mimi nasema kwamba wa kwanza amekosea kabisa, na wa pili amekosea nusu.

Plagi, ambazo wengi wetu kwa kufuata Kifaransa twaziita buji, si kitu kipya. Étienne Lenoir, aliyezaliwa mwaka 1822 huko Mussy-la-Ville, mahali palipo leo katika Ubelgiji, alitumia cheche ya umeme kuwasha injini yake ya gesi mwaka 1860. Mwaka 1902 Gottlob Honold, mhandisi wa Robert Bosch huko Stuttgart, alitengeneza mtambo wa kutoa umeme mkali pamoja na plagi yake, na tangu hapo umbo halikubadilika sana. Katikati mna ncha ya madini iliyovikwa kauri nyeupe. Nje mna ganda la chuma lenye meno ya skrubu. Na kutoka katika ganda hilo hutokea mkono mdogo uliokunjwa juu ya ncha. Umeme waruka kutoka ncha hadi mkono, na mruko huo ndio cheche inayowasha petroli.

Kazi hiyo yajulikana na kila mtu. Kuna kazi ya pili ambayo wachache huifikiri, nayo ndiyo iliyogharimu viazi vya Kibumba. Plagi imesimama ndani ya moto mchana kutwa. Kila dakika moto huwaka mbele ya uso wake mara mia nyingi, na joto hilo sharti litoke. Hutoka kwa kupita katika kauri, kisha katika ganda, kisha katika kichwa cha injini ambamo maji yazunguka. Plagi ambayo kauri yake imeshikwa na ganda karibu na ncha hutoa joto upesi. Hiyo huitwa plagi ya baridi. Plagi ambayo kauri yake ni ndefu, imesimama peke yake kama mti uwandani, huchelewa kutoa joto. Hiyo huitwa plagi ya moto.

Basi tazameni jinsi jina linavyodanganya. Plagi ya moto haitoi cheche kali kuliko ya baridi. Cheche ni ile ile, kwa kuwa yatoka kwenye koili, si kwenye plagi. Tofauti ni moja tu: ya moto hukaa na joto lake, ya baridi hulitoa. Injini ya kawaida, iendayo polepole mjini, yataka plagi inayohifadhi joto kiasi, kwa sababu ncha isipofika kama nyuzi 450 za joto haiwezi kuunguza masizi yanayoishika. Masizi yakijaa, umeme hupita juu yake na kutoroka, na injini hukosa kuwaka. Lakini ncha ikipita nyuzi 800 na kitu, ni hatari nyingine. Hapo ncha yenyewe imekuwa kaa jekundu, nayo huwasha petroli kabla cheche haijaruka, pistoni ingali inapanda. Moto wasukuma chini, pistoni yasukumwa juu, joto lazidi, na kwa dakika chache alumini ya pistoni huyeyuka kama mshumaa. Pistoni ya alumini haivumilii hata nusu ya joto la moto ule. Hupona kwa sababu tu joto hupita upesi na wakati wa kuwaka umepimwa.

Turbo hufanya nini? Husukuma hewa nyingi ndani ya silinda, na petroli nyingi hufuata. Moto wawa mkubwa zaidi, nayo plagi yapokea joto zaidi. Kwa hiyo mwenye kuongeza nguvu ya injini sharti achague plagi ya baridi zaidi. Yule fundi wa kwanza amelifuata neno, hakulifuata jambo.

Sasa kuna mtego wa pili, nao uko dukani. Mwenye duka huuliza, "Ni motokaa gani?" Kijana hujibu, "Ni Starlet." Mwenye duka hutazama katika kitabu chake na kutoa plagi za Starlet, naye hakusema uongo. Mzee aniandikia kwamba ndivyo ilivyokuwa kwao: walipewa NGK za namba 5, zenye mwanya wa milimita 1.1. Hizo ni plagi nzuri kwa injini ya kawaida isiyo na turbo. Lakini jina lililo nyuma ya motokaa ni jina la bodi, na plagi haikai katika bodi. Tena kuna jambo linalozidi kuwapoteza watu hapa: injini ya kawaida ya Starlet hizo, iitwayo 4E-FE, na ile ya turbo, iitwayo 4E-FTE, zote mbili zina ujazo ule ule wa sentimita 1331. Herufi moja tu, T, imeongezwa katikati, na herufi hiyo ndiyo turbo. Mtu akipima kwa macho atasema ni ndugu pacha. Kumbe ile ya turbo yatoa nguvu za farasi 135 kwa hesabu ya Wajapani, na rafiki wa kijana alikuwa ameziongeza tena.

Kwa hiyo ukienda dukani usitaje motokaa. Taja injini. Namba ya injini imechorwa kwenye chuma chake. Ipangusie mafuta, uiandike katika karatasi, uende nayo. Hata mwenye Hiace iliyobadilishwa injini, au pick-up iliyotiwa mashini ya motokaa nyingine, sharti afanye vivyo hivyo. Katika mji wetu motokaa zenye bodi moja na injini nyingine ni nyingi kuliko wanavyofikiri wenye vitabu.

Siwezi kuapa kwamba plagi za namba 5 peke yake ndizo zilizotoboa pistoni. Petroli chache, yaani hewa nyingi kwa petroli ndogo, hutoboa pistoni. Cheche inayoruka mapema kupita kiasi hutoboa pistoni. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa hutoboa pistoni. Pengine yote yalikutana siku moja. Lakini plagi ya moto katika injini ya turbo ni mlango ulioachwa wazi, na mwizi huingia penye mlango wazi kwanza.

Namba hizo za joto zataka uangalifu, kwa sababu watengenezaji hawakupatana. Kwa NGK na Denso, ambao ni wa Japani, namba ikipanda plagi yawa ya baridi zaidi. Kwa Bosch na Champion ni kinyume: namba ikipanda plagi yawa ya moto zaidi. Tena NGK na Denso wenyewe hawahesabu kwa kipimo kimoja. Namba 5 ya NGK yakaribiana na 16 ya Denso. 6 ni kama 20. 7 ni kama 22. Nimemwona mtu hodari, fundi wa miaka mingi, akibadilisha kutoka NGK kwenda Bosch na kuchukua namba kubwa zaidi akidhani anaelekea kwenye baridi, kumbe anarudi kwenye moto.

Jifunzeni pia kusoma jina zima, hasa ninyi vijana wa shule za ufundi. Tuchukue BKR6E-11 ya NGK. B ni unene wa meno, milimita 14. K ni spana ya milimita 16. R ni kwamba ndani mna kizuizi cha umeme. Namba 6 ni joto. E ni urefu wa meno, milimita 19. Na 11 ya mwisho ni mwanya, milimita 1.1. Yote yakiwa sawa isipokuwa urefu wa meno, bado ni hatari: plagi ndefu kupita kiasi yaweza kugongwa na pistoni, na fupi hujificha ndani ya tundu lake ikajaa masizi.

Ni ngazi ngapi za baridi basi? Watengenezaji wa NGK wana kanuni ya kuanzia: kila ukiongeza nguvu za farasi 75 hadi 100 juu ya zile za kiwandani, shuka ngazi moja kwenda baridi, na kila ngazi hupunguza joto la ncha nyuzi 70 hadi 100. Kijana wetu hakuongeza farasi 75 juu ya injini ya turbo. Ameongeza kidogo tu. Kwa hiyo na aanze na plagi ambayo kitabu cha injini ya 4E-FTE chaitaka, siyo cha 4E-FE, na ikiwa mkazo wa turbo utabaki umeongezwa, ashuke ngazi moja. Kitabu kikisema 6, atie 7. Asiruke hadi 9 kwa kuogopa. Plagi ya mashindano katika motokaa inayosimama kila hatua huko Birere, na kusubiri abiria injini ikinguruma, itashikwa na masizi kabla ya jioni. Na kesho yake asubuhi, penye baridi, haitawaka. Plagi ya baridi kupita kiasi haitoboi pistoni, lakini humpotezea mtu mteja aliyemwita kwa ajili ya mgonjwa. Kati ya makosa hayo mawili, hilo ndilo dogo.

Hapa sharti tuzungumze juu ya mji wetu wenyewe, kwa kuwa vitabu vingi vimeandikwa na watu wakaao karibu na bahari. Goma iko juu, karibu mita 1500. Hewa ya hapa ni nyepesi: pwani ikiwa na mkazo wa 100, sisi tuna 84 au 85 hivi. Injini isiyo na turbo huvuta hewa chache, hutoa moto mdogo, na plagi yake hupata joto pungufu. Ikiwa ni ya kabureta, nayo haikurekebishwa, hupata petroli nyingi kupita hewa, ndiyo sababu plagi za motokaa za zamani hapa Goma huwa nyeusi kama chungu. Mwenye injini ya namna hiyo asikimbilie plagi ya baridi hata kidogo. Lakini turbo hujaza pengo: yachukua hewa yetu nyepesi na kuikaza, hata silinda isijue kwamba iko mlimani. Kwa hiyo watu wawili wa mtaa mmoja, mmoja na kabureta, mwingine na turbo, hawawezi kuazimana plagi.

Baada ya joto ni mwanya. Nao ni jambo rahisi, ila wengi hulidharau. Umeme huona taabu kuruka penye mwanya mpana, na huona taabu zaidi penye hewa iliyokazwa. Friedrich Paschen, mtaalamu wa Ujerumani, alionyesha hayo mwaka 1889 kabla motokaa hazijajaa barabarani. Katika injini ya kawaida milimita 1.1 yafaa, cheche ndefu huwasha vizuri. Ukiongeza turbo, mwanya ule ule wataka umeme mkali zaidi, na koili ya zamani ikishindwa, cheche huzimika wakati ule ule dereva akanyagapo mafuta. Motokaa hukohoa ikipanda, ikishuka yatulia. Dalili hiyo ikijulikana, mtu ataokoa fedha ya koili mpya. Kwa injini za turbo zilizoongezwa mkazo mafundi wengi hutumia milimita 0.7 au 0.8. Mzee, mwambie mwanao aanze na 0.8, akipimia kwa vile vibamba vyembamba vya kupimia, siyo kwa wembe wala kwa kukadiria. Mwanya ukipimwa mbele ya mwenye mali, hata fundi huwa mwangalifu zaidi.

Juu ya madini ya ncha nitasema machache. Plagi za kawaida zina ncha ya nikeli yenye shaba ndani. Zapitisha joto vizuri, bei yake ni ndogo, nazo huchakaa upesi: baada ya kilometa elfu ishirini au thelathini yafaa kuzibadilisha, na katika injini ya turbo mapema zaidi. Iridi ni madini magumu sana, yasiyoyeyuka mpaka nyuzi zaidi ya 2400, na kwa hiyo ncha yake huweza kufanywa nyembamba kama sindano, hata milimita 0.4 kwa baadhi ya Denso. Ncha nyembamba hurahisisha mruko wa umeme, na plagi hudumu. Hapo fundi wa pili alisema kweli. Alipokosea ni kudhani kwamba bei huponya namba. Plagi ya iridi ya namba 5 ni ya moto sawasawa na ya nikeli ya namba 5; itatoboa pistoni ile ile kwa fedha nyingi zaidi. Tena mwanya wa plagi ya iridi haufai kurekebishwa kwa kulazimisha chuma juu ya ncha, kwa kuwa ncha huvunjika. Kwa mtu anayetafuta bado namba inayomfaa, naona nikeli ni afadhali: aweza kununua nne za namba 6 na nne za namba 7, akajaribu, akasoma, bila kulia. Akiisha kujua, anunue iridi akitaka.

Lakini anunue iridi ya kweli. Plagi za bandia zimejaa katika masoko ya Afrika ya Mashariki yote, na sisi ambao vipuri vyetu hupita bandari ya Mombasa au Dar es Salaam, kisha mikono mingi, hatuna kinga. Tazama maandishi kwenye kauri: ya kweli yana ukingo safi, hayafutiki kwa kidole. Tazama mkono wa pembeni kama umesimama sawasawa juu ya ncha. Ile pete ya kuzibia iliyo chini ya ganda, katika plagi halisi haitoki kwa urahisi ukiizungusha. Katika za bandia nyingi huanguka kama pete ya mtu aliyekonda. Na ikiwa iridi yauzwa kwa bei ya nikeli, mwenye kuuza ajua sababu.

Waya sasa. Mafundi wa mjini hupenda kuuza waya nene za rangi kwa kusema kwamba zaongeza nguvu. Waya haizai umeme. Hupitisha ule uliotolewa na koili, volti elfu ishirini na zaidi. Waya nzima ya kiwandani hufanya kazi hiyo vema. Unene wa milimita 8 au 10 ni unene wa koti la silikoni, siyo wa njia ya umeme iliyo ndani. Koti nene ni zuri penye joto la turbo, na umeme mkali wa injini iliyoongezwa hutafuta mahali pa kutorokea, kwa hiyo sikatai waya nene za silikoni. Nakataa kuzilipia kama dawa ya kuongeza nguvu.

Lililo kubwa ni kilichomo ndani. Ziko waya za shaba tupu, zisizo na kizuizi chochote. Katika motokaa za zamani za kabureta hazikuleta neno, ila redio iliunguruma. Katika injini ya kompyuta kama 4E-FTE usizitie. Kila cheche hutoa mawimbi ya umeme, na kizuizi kilichomo ndani ya waya na ndani ya plagi yenye R ndicho kinachoyatuliza. Kikikosekana, kompyuta yaweza kusikia kelele na kudhani ni habari, kisha ikakosea wakati wa cheche au kiasi cha petroli. Na katika turbo kosa la namna hiyo si dogo. Waya za kaboni zafaa na ni za bei nafuu, ila huchakaa ndani bila kuonekana nje. Zile ambazo kiini chake kimezungushwa uzi wa madini kama chemchemi hudumu zaidi, na kwa injini iliyoongezwa nguvu ndizo ningechagua.

Kupima waya si kazi ya mchawi. Ichomoe, shika ncha zake mbili kwa mita ya umeme, soma omu. Toyota hukubali hadi omu 25,000 kwa waya moja. Ikipita hapo, au ikiruka ruka unapoikunja, itupe. Usiku, injini ikinguruma, nyunyiza maji kidogo kama ukungu juu ya waya bila kuzigusa, utazame gizani: ukiona nyota za buluu zikirukia chuma, umeme watoroka. Hapa Goma vumbi jeusi la lava huingia kila mahali, na mvua ikilichanganya juu ya waya hulifanya kuwa njia ya umeme. Kuzipangusa kwa kitambaa kikavu kila mwezi ni kazi ya dakika tano. Injini hizi zina tatizo jingine. Plagi zake zimekaa ndani ya mashimo marefu katikati ya kifuniko, na gasketi ikizeeka mafuta huvuja humo na kulainisha mpira wa waya mpaka unapasuka. Mzee asema katika barua kwamba waya za injini ya kwanza zilitoka zikiwa zimeloa mafuta. Basi waya hizo zisihamishiwe injini mpya hata kwa siku moja, na gasketi ya kifuniko ibadilishwe kwanza.

Katika kuzifunga: injini iwe baridi. Puliza mashimo kwa hewa kabla ya kufungua plagi, ili mchanga usiangukie ndani. Anza kuzungusha plagi mpya kwa vidole, kwa maana kichwa cha injini ni alumini na meno yake huharibika kwa haraka ya mtu mmoja. Ikikaa, spana izunguke nusu mzunguko au theluthi mbili hivi, pete iminywe, basi. Plagi isiyokazwa vema haitoi joto lake, na ya baridi hugeuka kuwa ya moto ingawa namba yake ni njema. Waya ichomolewe kwa kushika mpira, isivutwe kwa uzi wake. Na kila waya irudi mahali pake; kuwaka kwa silinda hizi ni 1, 3, 4, 2, na mwenye kuchanganya atasikia mlipuko katika bomba.

Kisha kijana aendeshe siku mbili kwa upole, mkazo wa turbo ukiwa ule wa kiwandani, na baadaye apande mlima, kwa mfano ule wa kutoka Sake kuelekea Masisi ikiwa njia ni salama, asimame pembeni na kuzima mara moja bila kuacha injini ingurume. Ikipoa, afungue plagi zote nne na kuzipanga kwa taratibu ya silinda. Vitabu vya zamani vyasema tafuta rangi ya kahawia. Rangi hiyo ilikuwa ya siku za petroli yenye risasi, ambayo nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliiacha kufikia mwaka 2006. Petroli ya leo huacha kauri ikiwa nyeupe kidogo au kijivu hafifu, na si lazima kuogopa. Cha kuogopa ni kauri nyeupe kabisa inayong'aa kama jino, au iliyopasuka, au yenye vipunje vidogo kama pilipili manga. Vipunje vya fedha ni alumini ya pistoni inayoanza kuondoka. Hapo mkazo upunguzwe siku ile ile, wala asitafute plagi nyingine ya kuficha habari. Atazame pia mkono wa pembeni: joto huacha mstari wa rangi juu yake. Mstari ukiwa karibu na kona ya mkunjo ni vizuri. Ukishuka hadi penye meno, plagi ni ya moto mno. Ukibaki kwenye ncha ya mkono tu, ni ya baridi mno. Na ikiwa plagi moja ni tofauti na tatu nyingine, kosa si la namba bali la silinda ile.

Mzee auliza pia kama petroli ya chupa za kando ya njia, ya wale tunaowaita kadhafi, ina neno. Kwa pikipiki labda itavumilika. Kwa turbo, hapana. Akichanganya mafuta ya taa humo, hata kwa kiasi kidogo, petroli huwaka kwa kugonga, na hakuna plagi wala waya duniani inayozuia kugonga kwa petroli mbaya. Ajaze kituoni, na kama kituo hakina petroli siku hiyo, apande polepole turbo isiingie.

Mwisho wa barua yake ataja kwamba kijana ana ahadi ya kupeleka watu wa arusi hadi Uvira. Uvira iko chini, karibu mita 800 tu, na hewa yake ni nzito kuliko yetu. Turbo inayopimwa kwa mkazo wa ziada juu ya hewa ya mahali itaingiza hewa nyingi zaidi huko bila mtu kugusa kitu, na moto utakua kidogo. Akishuka hadi pwani ungekua zaidi. Plagi zilizosomwa hapa Goma na kuonekana ziko mpakani mwa moto hazifai safari hiyo. Ama arudishe mkazo wa kiwandani kabla ya kuondoka, ama atie zile nne za namba iliyo baridi zaidi, na zile za kwanza azifunge katika kitambaa, kila moja na namba ya silinda yake, aziweke chini ya kiti.